Mwenza wa 2030: viti viwili vinaachwa wazi kwa mpigo, na jibu liko Kisiwandui, makao makuu ya CCM Zanzibar

Wakuu salaam.

Naona kila kona watu wameshaanza kubashiri nani atasimama 2030 kwa tiketi ya CCM, wengine wanasema Nchimbi, wengine Mwigulu, wengine wana majina yao ya mfukoni, sawa, bashirini. Mimi leo nataka tuongee kuhusu kile kiti ambacho tunakikumbuka siku tatu kabla jina halijatangazwa alafu tunakisahau miaka mitano. Mgombea mwenza. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku mbili, naomba msome mpaka mwisho ndo mje na majina yenu.

Nianze na kwanini linanigusa. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 nilikuwa kwa baba mdogo, tumeshakula, TV iko wazi, akatokea Makamu wa Rais, Samia, anatangaza kifo cha Rais Magufuli. Baba mdogo akaweka kikombe chini, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa nani anaongoza nchi?" Huyu ni mtu mzima amepiga kura kila uchaguzi tangu 1995, hajakosa hata mmoja. Jirani akaingia akasema Spika anakaimu, tunarudi kwenye uchaguzi baada ya siku tisini. Dada yangu akasema ni Waziri Mkuu. Tumebishana pale mpaka mdogo wetu wa sekondari akafungua Katiba kwenye simu, akatusomea Ibara ya 37(5) kwa sauti: Makamu anaapishwa, anamalizia muda wote uliobaki. Hakuna uchaguzi. Baba mdogo akamwambia arudie. Akarudia. Mzee akasema, "Kumbe mimi nilimchagua huyu mama mara mbili na sikujua."

Hiyo sentensi sijaisahau mpaka leo. Kwasababu ni kweli, Ibara ya 47 inasema wanapigiwa kura kwa pamoja, tiki moja watu wawili, na sisi 2015 na 2020 tulibishana kuhusu Magufuli na Lowassa, Magufuli na Lissu, hakuna aliyekaa kijiweni akauliza huyu wa pili akikabidhiwa nchi kesho itakuwaje.

Kwahiyo tuanze kuuliza mapema. Na mimi nadhani 2030 inabashirika kuliko watu wanavyofikiri, ila ukiangalia Bara hupati kitu.

Kwanza kanuni. Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu lazima atoke upande wa pili. Hii wote tunaijua ila wachache wanakumbuka imetoka wapi. Zamani Rais wa Zanzibar alikuwa ni Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake, basi, hakuna cha mwenza. Vyama vingi vilivyorudi 1992 watu wakaona hatari: upinzani ukishinda Zanzibar, basi Makamu wa Rais wa Muungano anatoka chama kingine, Rais chama kingine, na Rais akifariki je? Ndo yakaja mabadiliko ya 11 ya Katiba mwaka 1994, tukapata mgombea mwenza, na uchaguzi wa 1995 ukawa wa kwanza kuwa naye. Yani hiki kiti kilizaliwa kwasababu ya swali la urithi. Sasa ukimsikia mtu anakwambia mwenza ni pambo la bango, mwambie asome historia.

Na ndo maana kubashiri mwenza kwetu ni tofauti na majirani. Kenya 2022 Ruto alimchukua Gachagua na Raila akamchukua Karua, wote wawili wa Mlima Kenya, kwasababu kule ni hesabu za kura, mlima una kura nyingi. Huku kwetu sensa ya 2022 imehesabu watu 61,741,120 nchi nzima, Zanzibar 1,889,773. Hizo ni kama asilimia tatu. Hakuna mgombea wa Bara anayechukua mwenza Zanzibar ili ashinde uchaguzi kwa kura za Zanzibar. Anachukua kwasababu ya Muungano, na kwasababu ya amani ya ndani ya chama kule visiwani. Shikeni hilo la pili.

Sasa twendeni kwenye mwenendo, hapa naomba mtulie.

Tangu 1995 tumekuwa na Makamu sita: Dk. Omar Ali Juma, Dk. Shein, Dk. Bilal, Samia, Dk. Mpango na sasaivi Dk. Nchimbi. Ukiweka pembeni hao wawili wa Bara wabaki wanne wa Zanzibar, alafu andika pembeni ya kila mmoja nani alikuwa Rais wa Zanzibar kipindi hicho. 1995 Rais wa Zanzibar ni Salmin, wa Unguja, Makamu ni Omar Ali Juma, wa Pemba. Omar Ali Juma alifariki Julai 2001 akiwa madarakani, nafasi yake akapewa Shein, wa Pemba tena, na Zanzibar alikuwepo Amani Karume, wa Unguja. 2010 Shein anaenda kuwa Rais wa Zanzibar, Mpemba, na Makamu anakuwa Bilal wa Unguja. 2015 Shein bado yupo, Makamu ni Samia wa Unguja. Mmeona? Miaka ishirini na tano, Ikulu ya Zanzibar ikiwa Unguja basi Makamu ni Pemba, ikienda Pemba Makamu anarudi Unguja. Haijaandikwa popote, hakuna kifungu, ila imefuatwa kama sheria. Imevunjika 2020 tu, Mwinyi alipoingia Zanzibar na Samia akabaki kuwa mwenza, wote Unguja, na pale mgombea alikuwa anaendelea na mwenza wake yuleyule kwahiyo haikuwa chaguo jipya.

Watu wanapenda kusema mwenza ni hesabu ya dini. Hapana. Kikwete na Shein, Kikwete na Bilal, wote Waislamu, miaka kumi, nchi ilikwenda. Hesabu ni ya visiwa.

Sasa kitu cha pili, na hiki ndo kimenifanya niandike huu uzi.

Angalieni miaka ambayo viti vinaachwa wazi. Urais wa Muungano mgombea mpya: 1995, 2005, 2015. Urais wa Zanzibar mgombea mpya: 2000, 2010, 2020. Vilikuwa vinapishana miaka mitano mitano. Huku kukiwa na mpya, kule kuna mzoefu anaendelea, na huyo mzoefu ndo anatuliza watu. Ilitakiwa iendelee hivyo, Muungano 2025, Zanzibar 2030. Kifo cha 2021 kikabadilisha kila kitu. Samia alirithi ukiwa umebaki muda unaozidi miaka mitatu kwahiyo Ibara ya 40(4) inamruhusu kugombea mara moja tu, na hiyo mara moja ameitumia 2025. Anamaliza 2030. Na Mwinyi naye vipindi vyake viwili vinaisha 2030.

Viti viwili kwa mpigo. Tangu vyama vingi virudi haijawahi kutokea. Kama mgombea wa Muungano atatoka Bara, maana yake Wazanzibari ndani ya CCM watakuwa wanagombania nafasi mbili mpya katika msimu mmoja, urais wa Zanzibar na umwenza, na hakuna mzoefu hata mmoja anayebaki kwenye kiti.

Mwaka pekee unaofanana na huo ni 2010. Kikwete alikuwa anaendelea, sawa, ila Karume alikuwa anaondoka na Shein akatoka kwenye umakamu kwenda kugombea Zanzibar, kwahiyo nafasi mbili za Kizanzibari zikawa wazi. Tatu bora ya Zanzibar, yani majina matatu ya mwisho ya CCM kuwania urais wa kule, walikuwa Shein, Bilal na Shamsi Vuai Nahodha. Bilal hakuwa mgeni, alishakuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, alishautaka urais wa Zanzibar 2000 akaukosa, alikuwa na watu wake. 2010 akakosa tena. Na ndani ya siku chache, palepale Dodoma, jina la mwenza wa Kikwete likatoka: Bilal. Mtu wa fizikia ya nyuklia, mtulivu, ila mimi naamini hakuchukuliwa kwa fizikia. Alichukuliwa kwasababu kambi yake isingerudi nyumbani mikono mitupu. Na Shein ni Mpemba, Bilal wa Unguja, hesabu ikakaa.

Kwahiyo utabiri wangu wa 2030 ni huu: mgombea wa Muungano akitoka Bara, mwenza atakuwa ni mmoja wa waliofika mbali kwenye kinyang'anyiro cha urais wa Zanzibar akakosa, na atatoka kisiwa ambacho hakikupata urais wa Zanzibar. Acheni kuhangaika na nani rafiki wa mgombea. Tazameni Kisiwandui, subirini tatu bora ya Zanzibar, alafu ondoeni mshindi.

INAENDELEA

Nimeona maswali, najibu yale ya msingi.

Kuna ndugu amesema 2015 inaua hoja yangu. Ni hoja nzuri kuliko zote na nimeifikiria sana. 2015 Shein alikuwa anaendelea Zanzibar, kwahiyo hapakuwa na walioshindwa kule wa kutulizwa, ila kwenye tatu bora ya Muungano yenyewe alikuwepo Mzanzibari, Balozi Amina Salum Ali, pamoja na Magufuli na Asha-Rose Migiro. Amina akashika nafasi ya pili. Kwa hesabu yangu angepewa yeye umwenza, ni mwanamke, ni Mzanzibari, ana wajumbe waliompigia kura mkutanoni. Likatoka jina la Samia. Wengi ukumbini hawakulitegemea. Ukirudi nyuma unaelewa, Samia alikuwa Waziri wa Nchi Ofisi ya Makamu wa Rais anayeshughulikia Muungano tangu 2010, na 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, kikao ambacho Muungano ulijadiliwa mpaka watu wakatoka nje. Tulimuona kwenye TV kila siku anaongoza kile kikao kigumu. Kwahiyo nakubali, mshindwa siyo njia pekee, kuna njia ya pili, nayo ni ya mtu aliyeubeba Muungano kwenye kazi zake bila kelele. Ndo maana mimi huwa nafuatilia sana nani anakalia dawati la Muungano Ofisi ya Makamu wa Rais, na nani ni Makamu wa Pili wa Rais kule Zanzibar, maana hicho cha pili ndo kilichukua nafasi ya Waziri Kiongozi baada ya 2010, na Omar Ali Juma na Bilal wote wamepitia Uwaziri Kiongozi.

Mwingine anasema niweke majina. Miaka minne ni mingi mkuu. Nahodha ameingia tatu bora mara mbili, 2010 na 2020. Dk. Khalid Salum Mohamed aliingia 2020. Hemed Suleiman Abdulla amekuwa Makamu wa Pili tangu 2020. Hao ni watu ambao majina yao yameshafika mezani au wamekalia viti vinavyofika mezani, siwezi kusema zaidi ya hapo, na wala simpigii mtu debe. Anaweza akatokea mtu ambaye leo ni katibu mkuu wa wizara hatumjui.

Nikumbushe kitu kuhusu Nchimbi kwa wale wanaojiona mabingwa wa kubashiri. Julai 2015 Kamati Kuu ilipokata jina la Lowassa, wajumbe watatu walitoka wakaongea na waandishi kwamba hawakubaliani: Sophia Simba, Adam Kimbisa na Emmanuel Nchimbi. Siku ile nani angesema huyu atakuja kuwa mgombea mwenza wa chama hichohicho? Akaenda ubalozi, akarudi, Januari 2024 akawa Katibu Mkuu, Januari 2025 Mkutano Mkuu Dodoma, Mpango ameomba kupumzika, jina linatajwa ni Nchimbi. Miezi tisa kabla ya uchaguzi! Tumezoea mwenza anatajwa Julai.

Na Mpango mwenyewe hivyohivyo. Machi 2021 watu tulikuwa na orodha ndefu, tarehe 30 jina linasomwa bungeni ni Waziri wa Fedha, kura 363 zote ndiyo. Nani alikuwa naye kwenye orodha yake? Mimi sikuwa naye.

NYONGEZA 2

Kuna aliyesema Nchimbi ni Makamu kwahiyo 2030 ni wake moja kwa moja. Ndugu yangu, tazama ngazi ilivyo. Tangu 1995 hakuna Makamu aliyepandishwa na chama kuwa mgombea wa Muungano baada ya Rais wake kumaliza muda. Hata mmoja. Omar Ali Juma alifariki, Shein akaenda Zanzibar, Bilal alichukua fomu 2015 akiwa Makamu aliyepo madarakani na hakuingia hata tano bora, Mpango amepumzika. Aliyepanda ni Samia peke yake na alipanda kwa msiba. Kwahiyo akipita Nchimbi itakuwa ni mara ya kwanza, na akipita yeye au mwingine wa Bara, kesi ya mwenza inabaki palepale Zanzibar.

Na kama mgombea akitoka Zanzibar tena? Sheria haikatazi. Ila hapo mwenza ni wa Bara na uzi huu wote unakuwa wa mwaka mwingine. Wanaosema Mwinyi awe mwenza, nayo haikatazwi akishamaliza, Katiba inakataza tu mtu kuwa Makamu na Rais wa Zanzibar kwa wakati mmoja. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi na baraza lake la mawaziri, atakubali kwenda kuwa msaidizi? Mimi sioni. Shein alipita njia hiyohiyo kwa upande mwingine, kutoka umakamu kwenda kuwa na serikali yake.

Upinzani sasa, maana kuna mtu amelalamika nimewasahau na ana haki. Kwa upinzani mwenza ni tatizo zito kuliko CCM, kwasababu sheria inataka mgombea na mwenza watoke chama kimoja. Bara nguvu ni ya Chadema, Zanzibar ni ya ACT tangu Maalim Seif ahamie kule. Tiketi ya ndoto ni mmoja wa huku na mmoja wa kule na hairuhusiwi labda mtu ahame chama. Ndo ilivyokuwa Agosti 2015, Juma Duni Haji, mtu wa CUF mpaka kwenye mifupa, akachukua kadi ya Chadema ili asimame na Lowassa. Nakumbuka picha yake ameshika ile kadi. Mzee alijitoa jamani, tuseme ukweli, alikubali kuacha chama chake kwa ajili ya kitu kikubwa zaidi, na wakapata karibu asilimia 40. Baadaye akarudi kwao na 2022 akawa Mwenyekiti wa ACT. Na 2020 Salum Mwalimu alikuwa mwenza wa Lissu, 2025 akawa yeye ndo mgombea wa urais kupitia CHAUMMA na mwenza wake Devotha Minja wa Bara, yani amekaa viti vyote viwili. Uchaguzi wa 2025 wenyewe sitaki kuuchambua hapa, kuna watu humu walipoteza ndugu zao na nawaheshimu.

Mnaodhani mwenza hana uzito kisheria, kumbukeni 2005. Mwenza wa Mbowe wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya tarehe 30 Oktoba. Uchaguzi wa Rais na wabunge nchi nzima ukasogezwa mpaka tarehe 14 Desemba. Zanzibar wakapiga kura za Rais wao tarehe ileile 30 Oktoba, sisi Bara tukangoja wiki sita na zaidi. Nilikuwa nimesafiri kurudi nilikojiandikisha, nauli nimekopa, nikafika nikakuta watu wamekaa nje ya ofisi ya kata wanasoma karatasi ukutani. Mama mmoja akawa anauliza, huyo aliyefariki ni mgombea gani, mbona Mbowe yupo? Yani hata siku kifo cha mtu kimesimamisha uchaguzi wa nchi, bado hatukuwa tunajua jina lake.

Ndo maana nasema tuanze sasa. Baba mdogo yupo hai, ameshaniambia safari hii kabla hajapiga kura anataka kumsikia mwenza anaongea peke yake, saa nzima, bila mgombea pembeni, aulizwe kuhusu bajeti, kuhusu jeshi, kuhusu kero za Muungano. Mimi namuunga mkono kabisa.

Sasa ombi langu. Kama kuna mtu alikuwa Dodoma Julai 2010, mjumbe, mwandishi, hata dereva wa mjumbe, atuambie: jina la Bilal lilianza kusikika kabla ya kura za Zanzibar kupigwa au baada? Kama ni kabla, basi nimekosea na nitaufuta huu utabiri wangu. Kama ni baada, mjue pa kutazama 2030.